Mwanangu ataka chuo cha dini chenye shamba: atasoma au atalimishwa?

Mama wa Kibokoni

Assalaam alaykum jamaa zangu wa Mombasa. Nina jambo linaninyima usingizi, na nataka kauli za watu waliopita huko wenyewe, si za kusikia barazani.

Mwanangu wa kiume, mmoja tu katikati ya dada zake, amemaliza kidato cha nne mwaka jana. Matokeo yake si mabaya. Babake ni baharia, yuko melini, na alikuwa akimtakia chuo cha ufundi. Kijana mwenyewe ameshikilia kwenda chuo kidogo cha dini upande wa Kisauni, ndani huko ukishapita Bamburi. Ni cha bweni, wanafunzi hawafiki mia. Ada ni shilingi 4,000 kwa mwezi pamoja na chakula, na wanasema ni nafuu hivyo kwa sababu wana shamba lao: minazi, mahindi, kunde, mihogo, mbuzi kidogo na banda la kuku.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kuangalia bila kupiga simu. Nilifika saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali. Nikawakuta vijana wote shambani na majembe, kanzu zimetundikwa kwenye mpera, wengine wamevaa vikoi vimekunjwa mpaka magotini. Mmoja yuko juu ya mnazi hana hata kamba. Hapakuwa na aliyeshika kitabu. Mudiri, mkuu wa chuo, alinipokea vizuri, akanipa dafu, akanionyesha msikiti na bweni. Bweni ni safi, vitanda vya ghorofa, vyandarua vizima. Lakini nilirudi na moyo mzito.

Kakangu ameniambia wazi, "Hao wanatumikishwa, dada. Unalipa ili mtoto wako awe kibarua." Mume wangu kwa simu asema niamue mimi niliyeona.

Tena kuna hili: kijana ana pumu. Si kali sana, ila vumbi na moshi vinamwamsha. Na nitasema kweli, nyumbani hajawahi kuosha sahani, dada zake wamemfanyia kila kitu.

Waliosoma vyuo vya namna hii, maisha ya mle ndani yakoje? Na niulize nini kabla sijatoa pesa?

Baba Miritini

Wa alaykum salaam. Mimi mwanangu nilimtoa chuo kama hicho, sitakitaja jina, na hakiko Kisauni.

Sikatai shamba. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa jembe Rabai. Nililokataa ni kwamba mwanangu alikuwa akipelekwa kulima shamba la mwalimu mmoja, si la chuo. Vijana walipalilia, walivuna, gunia zikapakiwa kwenye pikapu na hawakuona hata punje ikiingia jikoni. Siku za mvua kubwa darsa za asubuhi zilikuwa zikiahirishwa ili wamalize kupanda. Nilipouliza nikaambiwa hiyo ni khidma na kijana atapata baraka. Baraka sizipingi. Lakini alikuwa na miaka 16, na Katiba yetu ya 2010 katika ibara ya 53 inasema mtoto alindwe na kazi za hatari na za unyonyaji. Chuo kuwa cha dini hakukiondoi kwenye hiyo ibara.

Kwa hivyo dada, swali langu la kwanza ningemuuliza mudiri: hati ya hili shamba imeandikwa jina la nani?

Mkwezi wa Likoni

Wa alaykum salaam warahmatullah, mamangu. Mimi nilisoma chuo cha namna hiyo, si hicho chako. Changu kilikuwa kusini, unavuka feri kisha unashika njia ya Ukunda. Niliingia na umri kama wa mwanao. Leo nina karakana ya kuchomelea vyuma mchana na jioni nasomesha madrasa hapa Likoni. Nitaandika kirefu kidogo, uniwie radhi, kwa sababu jambo hili nalipenda na sipendi likieleweka nusu.

Kwanza hiyo saa nne ya Ijumaa. Vyuo vyetu vingi vya Pwani havina darsa Ijumaa. Alhamisi baada ya adhuhuri vitabu hufungwa, na asubuhi ya Ijumaa ndiyo hufanywa zile kazi nzito ambazo katikati ya wiki hazina nafasi: kupalilia, kushusha nazi, kutoa samadi bandani, kushona makuti. Ikikaribia saa tano kila mtu yuko kisimani anaoga kwa ajili ya Jumaa. Ulifika katika siku ambayo ungekuta majembe tu. Rudi Jumatatu au Jumanne, saa tatu unusu asubuhi, vilevile bila kupiga simu. Ukiwakuta shambani saa hiyo, hapo kakako atakuwa na haki.

Sisi siku ya kawaida ilikwenda hivi. Tuliamshwa saa kumi na nusu. Baada ya sala ya alfajiri hakuna kulala, ni hifdhi, kuhifadhi Qur'ani, mpaka jua litoke, kila mmoja na nguzo yake msikitini, na kelele yake ilikuwa nzuri sana. Uji wa mahindi, au muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Saa moja hadi saa mbili na nusu, shamba na usafi. Saa tatu mpaka adhuhuri ni darsa, na hapo hata mbuzi akikata kamba hatoki mwanafunzi, anatoka mzee aliyeajiriwa. Alasiri kumwagilia mboga, au mpira. Magharibi mpaka isha kusoma tena, kisha kuradidi wawili wawili, mmoja ameshika msahafu na mwenzake anasoma kwa moyo. Saa nne taa zimezimwa. Kazi ya mikono haikuwa nyingi, ila ilikuwa ya kila siku, na hilo ndilo linalomshinda kijana wa mjini mwanzoni.

Chakula tulikula kwa sinia, vijana sita sinia moja, na masinia hayakuchaguliwa kwa urafiki. Mudiri ndiye aliyetupanga. Sinia yangu ilikuwa na kijana wa Garsen ambaye mambo ya ng'ombe alikuwa akiyajua kama Fatiha, mmoja wa Msambweni, mmoja wa Pemba, wawili wa Majengo na mimi. Kila mmoja anakula kilicho mbele yake, kama Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyomfunza yule kijana aliyelelewa nyumbani kwake. Kipande cha samaki huwekwa katikati hakiguswi mpaka wote wamefika. Aliye na zamu ya mbuzi akichelewa, sinia yake hufunikwa kwa kawa na wenzake watano wanangoja na njaa yao. Nimeona vijana waliokuja wakiwa hawawezi kungoja dakika mbili, na baada ya muda wao ndio waliokuwa wakifukuza nzi juu ya kawa ya mwenzao. Hili halifundishiki darasani, mama. Nimejaribu na watoto wangu wa madrasa kwa maneno, maneno hayafiki.

Kuhusu mnazi: chuo chetu walioruhusiwa kukwea walikuwa wale tu ambao kwao ni wakwezi, na baba zao walikuwa wametoa ruhusa. Sisi wengine tulikuwa chini, kazi yetu ni kufua. Sijui kama wewe umewahi kufua nazi kwa kifuo. Ni mti uliochongwa ncha, umesimikwa ardhini, urefu unakufika mapajani. Unaishika nazi kwa mikono miwili, unaiangusha juu ya ncha kwa ubavu, si kwa katikati, kisha unaisukuma chini huku unaizungusha, kumbi linang'oka pande tatu. Ukiikosea, ncha inateleza kuja kwenye kiganja. Yule kijana wa Msambweni alisimama nyuma yangu akanishika viwiko mpaka mikono ikajua yenyewe. Kumbi zilikwenda jikoni kuwashia moto, vifuu vikawa makaa, chelewa zikawa mafagio ya msikiti, makuti yakaezeka banda. Mnazi ulioanguka haukuachwa ukaozea shambani, tuliupasua na kuuchoma, kwa sababu chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, hutaga mayai kwenye magogo yaliyooza na kwenye marundo ya samadi, kisha huruka kutoboa kilele cha minazi mizima. Zamu ya kupekua samadi kutafuta mabuu yake tuliichukia wote, lakini minazi ya jirani ikianguka vilele yetu ilikuwa imesimama.

Sasa nikwambie kwa nini nasema shamba lilikuwa darsa. Tulikuwa tumefika mlango wa zaka ya mazao katika fiqhi. Tumeshahifadhi kila kitu kwa Kiarabu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona. Wiki ileile mzee jirani akaja kumuuliza mudiri zaka ya mahindi yake. Mudiri akasema, "Hawa watakuja kukuhesabia," akatuteua wanne.

Tukamkuta mzee amevuna gunia 11 za kilo 90, zimekaushwa, zimepukuchuliwa. Jumla kilo 990. Nisabu, kiwango ambacho chini yake hakuna zaka, ni wasaki tano, kipimo cha zamani, ambazo wanazuoni wengi wa leo wanazikadiria kilo 653 hivi, kwa hivyo zaka imemlazimu. Pembeni ana magunia mawili ya kunde. Mwenzetu mmoja akataka kuziongeza juu ya mahindi, mwengine akamkatalia: katika madhehebu ya Shafii kila jinsi ya nafaka husimama peke yake, na kunde zile hazikufika. Nazi zake je? Zimejaa ua mzima. Hazina zaka ya mazao kwetu, kwa sababu zaka hiyo ni ya tende, zabibu na vyakula vikuu vinavyowekwa akiba, kama mahindi, mpunga, mtama na kunde.

Hapo mzee akaanza. Akasema alilipa vibarua wa kupukuchua, tutoe kwanza hiyo gharama. Tukaangaliana. Jibu tulikuwa nalo kichwani: gharama ni ya mwenye shamba, haipunguzwi. Lakini kulisema mbele ya mzee aliyekaa juu ya gunia lake na mikono imepasuka ni kitu kingine kabisa. Aliyelisema alikuwa mdogo wetu, kwa adabu, macho chini. Mzee akanyamaza, kisha akauliza la maji. Shamba la mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, la kumwagiliwa kwa mashine au ndoo hutolewa nusu yake, sehemu moja ya ishirini. Yeye mwanzoni alitegemea mvua ya mwaka, yaani masika, ilipokatika akakodi jenereta ya kuvuta maji kisimani. Tukakaa naye tukahesabu tangu kupanda mpaka kukomaa, mimea ilinufaika kiasi gani kwa mvua na kiasi gani kwa mashine. Ikatoka karibu nusu kwa nusu. Kwa hivyo robo tatu ya ile sehemu ya kumi, asilimia 7.5, kilo 74 na robo. Akapima akatoa 75 palepale, akatutuma sisi kuzibeba kwa wajane wawili aliotutajia.

Njiani kurudi mmoja wetu akauliza, na mahindi yetu ya chuo? Tukampelekea mudiri. Akatuambia shamba la chuo ni wakfu kwa kila atakayesoma pale, halina mwenye nalo maalumu, na wakfu wa namna hiyo katika madhehebu yetu mazao yake hayana zaka. Wakfu wa watu maalumu ungekuwa na hukumu nyengine. Siku moja, mama, na mlango mzima ukaingia moyoni usitoke. Mimi leo nikisomesha zaka sifungui kitabu kwanza.

Na kama kakako asema kulima si kazi ya mwanafunzi wa dini, mkumbushe wale makari wa Madina, wasomaji wa Qur'ani zama za Mtume, waliouawa Bi'r Ma'una. Hadithi yao imo katika vitabu sahihi: usiku walisoma na kudurusu Qur'ani, mchana wakileta maji msikitini na kukata kuni wakauza, kwa pesa hizo wakawanunulia chakula Ahlu Suffa, wale masikini waliokaa msikitini kwa Mtume, na mafakiri.

Lakini aliyoyasema Baba Miritini ni kweli hutokea, na yananiuma kwa sababu yanaharibia jina kitu kizuri. Tofauti utaiona kwa macho, huhitaji kuambiwa. Ukienda tena, tafuta ubao wa zamu. Uko wapi? Umeandikwa majina ya nani? Wetu ulikuwa ukutani pa jikoni, kwa chaki, na jina la mudiri lilikuwamo, zamu yake ni kuosha vyoo Jumatano. Aliviosha. Amiri, kiongozi wa wanafunzi, alikuwamo, watoto wa matajiri walikuwamo. Ukiona zamu ni za wageni tu au za wasiolipa ada kamili, ondoka. Kisha ngojea chakula cha mchana, ukae mpaka kipakuliwe. Angalia walimu wanapakuliwa kutoka sufuria gani. Kama walimu wana sufuria yao ndogo pembeni yenye nyama, na vijana waliopanda wana sima na mchuzi wa maji, umeshajibiwa. Na uombe kuona daftari la mavuno. Kwetu lilisomwa kila Alhamisi usiku mbele ya wote: nazi ngapi zimeshushwa, ngapi zimeuzwa Kongowea, ngapi zimeingia jikoni, pesa zimenunua nini. Kijana anayejua jasho lake limegeuka mafuta ya taa na chumvi hana kinyongo.

Magumu yapo, sitakuficha. Kaskazi ikivuma, Januari na Februari, mvua hakuna, kisima chetu kiliingia munyu na chai ikawa haina ladha. Kulikuwa na miezi ya sima na kunde, kunde na sima. Champali zako utaziona miguuni mwa mtu mwengine. Usiku wa kwanza kila mtu hulia, wengine kwa sauti. Kijana wa Majengo, mmoja wa sinia yangu, alitoroka akavuka feri akarudi kwao. Mamake akamleta mwenyewe siku ya tatu, akakaa naye kivulini mpaka alasiri, kisha akaondoka. Yeye ndiye imamu wa msikiti mmoja huko bara sasa.

Bi Meko

Mwanangu Mama wa Kibokoni, mie nimepika chuo cha wavulana miaka mingi, kwa hivyo nitasema ya jikoni na ya bweni, hayo ya zaka ameyasema Mkwezi vizuri, Mungu amzidishie.

La pumu usilifanye dogo. Meko ya kuni ni moshi mtupu, na kumbi za nazi zikiwa na unyevu ndizo mbaya zaidi. Banda la kuku nalo lina vumbi la kinyesi na manyoya. Mwambie mudiri mbele ya kijana, na umwandikie kwa karatasi pia, kwamba zamu ya kuni na zamu ya kuku hapewi. Apewe kisima, mboga, kufagia uwani asubuhi mchanga ukiwa na umande. Hakuna chuo chenye akili kitakachokataa. Dawa yake ya kuvuta awe nayo mfukoni, na nyengine akae nayo amiri wa bweni, si ofisini ambako usiku kumefungwa. Uliza pia gari la kumpeleka hospitali usiku ni la nani na dereva analala wapi. Hilo waliuliza wazazi wachache sana wakati wangu, na lingefaa waulize wote.

Bweni mwangalie upele. Penye vijana wengi, upele ukiingia kwa mmoja umeingia kwa wote, na ukimtibu mmoja peke yake umepoteza dawa. Mie tulipowapata tuliwapaka bweni zima siku moja, shingo mpaka vidole vya miguu, nguo na mashuka yote yakafuliwa kwa maji moto yakaanikwa juani. Uliza kama wana utaratibu huo. Mwalimu akikujibu "hapa hatuna upele", muulize tena.

Vya kumfungia: ndoo yake yenye jina, kufuli, vikoi viwili vya kazi, viatu vya kufunika mguu kwa sababu shamba lina miiba na nyoka, shuka mbili, chandarua hata kama vyao ni vizima. Usimpe vitamu vya kula peke yake. Mtie chupa kubwa ya achari ya maembe au ya ndimu, aiweke sinia. Kijana akiingia na achari siku ya kwanza ana ndugu watano kabla ya isha.

Na hizi wiki zilizobaki, dada zake wapumzike. Aoshe vyombo, afue kanzu zake mwenyewe, achemshe chai. Asiende kujifunzia huko mbele ya wenzake.

Baba Miritini

Mkwezi, nimekusoma mpaka mwisho. La ubao wa zamu na daftari, chuo cha mwanangu havikuwepo vyote viwili. Ningalijua pa kuangalia siku ya kwanza ningalimpeleka kwengine, maana kijana mwenyewe alipenda kusoma na bado apenda. Hicho chako cha kusini bado kiko? Nitumie ujumbe kando.

Mkwezi wa Likoni

Kiko alhamdulillah. Nimekutumia.

Mama wa Kibokoni

Allah awalipe kheri nyote. Bi Meko, la amiri kukaa na dawa lisingenijia kabisa. Nitarudi Jumatatu na kakangu, tukae mpaka chakula kitoke.

Nina moja limebaki, na ni la babake. Asema akimaliza pale miaka minne atakuwa na cheti gani mkononi? Kitamfaa nini Mombasa hii?

Mkwezi wa Likoni

Babake ameuliza la maana, na nasikitika kwamba wengi wetu huliuliza mwaka wa mwisho.

Cheti cha chuo kidogo cha dini peke yake hakifungui kila mlango. Muulize mudiri mambo mawili waziwazi. Kwanza, wanafunzi wao waliomaliza wamekwenda wapi, akutajie na akupe wawili uzungumze nao. Pili, cheti chao kina muadala, yaani kukubaliwa kuwa sawa, na chuo kikuu gani nje. Wanaotaka Al-Azhar ya Misri au Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina huangaliwa vyeti vyao, na chuo chenye muadala humrahisishia kijana, kisicho nao humrudisha nyuma kuanza upya. Hapa nchini, mamlaka inayoshughulikia kutambua vyeti ni ile ya kitaifa ya sifa za elimu, KNQA, iliyowekwa na sheria ya 2014. Mtu akikwambia cheti chake kinatambuliwa, uliza kimetambuliwa na nani na barua iko wapi.

Lakini muhimu kuliko yote, cheti chake cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, akichukue shuleni kabla hajaingia bwenini, si ile karatasi ya matokeo tu, cheti chenyewe. Kikae kwako nyumbani. Kwa hicho anaweza kuingia chuo cha ufundi hata baada ya miaka minne. Mimi ndivyo nilivyofanya. Nilimaliza dini nikiwa na miaka 22, nikaingia kozi ya kuchomelea, na wenzangu darasani walikuwa wadogo kwangu kidogo tu. Leo kazi ya mchana inalisha nyumba, kwa hivyo jioni nasomesha bila kumdai mzazi anayeshindwa. Kwa hivyo babake na mwanao wanaweza wote wawili kupata wanachotaka, mmoja atangulie mwengine afuate. Mwambie hivyo kwa simu kabla meli haijaingia mahali pasipo na mtandao.

Jumatatu mkifika, mkishapita geti jikoni kuko mkono gani sijui, lakini fuateni moshi. Anzeni hapo, kabla hamjakaribishwa ofisini.